Kisanduku cha Saa Nane

Hapa Klaipėda upepo hauombi ruhusa.
Huingia wodini kwa ufa wa dirisha la magharibi,
lile tuliloliziba kwa plasta ya vidonda
tukimngoja fundi tangu majani yaanze kupukutika.
Lakini baridi ninayoisema siyo hiyo.

Wauguzi wawili, wagonjwa thelathini na mmoja.
Kila kitanda kina karatasi, kila karatasi ina visanduku:
saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi,
na ndani ya kila kisanduku tunaandika *amegeuzwa*,
ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto,
sahihi.
Neno hilo nimeliandika miaka kumi na saba.
Usiku mwingine nimeliandika nimeketi,
zote kwa mkupuo, kama mwanafunzi aliyepewa adhabu,
chai yangu ingali ya moto.

Hakuna aliyenifundisha uongo.
Danguolė, mkuu wetu, ana mbingu ndani ya jina lake
na magoti mawili yaliyochakaa.
Usiku wangu wa kwanza alinionyesha tu kalamu inapokaa,
akasema, "Kukipambazuka, karatasi zisiwe na matundu."
Nikaelewa.
Mtu huijua hali ya hewa kabla hajaambiwa avae koti.

Bwana Stulgys, kitanda cha tisa,
aliyeendesha kreni bandarini hadi uzee,
mrefu kuliko shuka zetu,
aligeuzwa kila usiku bila kukosa, karatasini.
Pale kwenye kifandugu
kidonda hakikujua kusoma.

Kisha akaja Ugnė, miezi miwili tangu chuoni,
viatu bado vyeupe.
Jumanne asubuhi, karatasi ya kitanda cha tisa:
saa nane, patupu.

"Jaza," alisema Danguolė, bila ukali,
kama anayemkumbusha mwenzake kifungo cha shati.
"Sikumgeuza."
"Najua. Jaza."
"Nilikuwa kitanda cha ishirini, yule mama alikuwa anatapika.
Sikumgeuza."

Friji ya dawa ikanguruma.
Mtu mmoja, nadhani ni mimi,
akanong'ona kwamba huyu mtoto amechafua hali ya hewa.

Hali ya hewa!
Kana kwamba ilikuwa safi.
Kana kwamba hatukuwa tumeivuta miaka yote
tukaiita mapafu yetu.

Hakuna aliyemtukana. Sisi si watu wa matusi.
Zamu zake zilihamia Jumapili, basi.
Glovu za saizi yake zikaadimika.
Akiingia chumba cha chai, mazungumzo
yalikumbuka kwamba yana kazi kwingine.
Funika kombe, tulisema kwa macho,
na kombe lenyewe
lilikuwa mgongo wa mtu.

Ijumaa usiku, saa nane ilinipita nikiwa kwa mwingine.
Nilifika kitanda cha tisa ikiwa saa nane na dakika arobaini.
Nikapitisha mkono chini ya bega, mwingine chini ya nyonga.
Akafumbua jicho moja:
"Polepole, binti. Nondo hizo zina kutu."
Nikamgeuza. Nikakitazama kidonda. Nikakitazama hasa.

Kisha kalamu. Mkono, kwa mazoea,
ulishaandika *ame*
ukasita.
Nikakata. Nikaandika: *saa nane na dakika arobaini.
Nimechelewa.*
Msiuite ushujaa. Ni dakika arobaini tu,
na bado nilitazama mlangoni mara mbili.

Asubuhi nikahamisha kikombe changu
hadi meza ya dirishani, anakokaa Ugnė na upepo.
Hakunishukuru. Anishukuru kwa lipi?
Alikuwa ameshaisoma karatasi.
Akapuliza chai yake, akauliza bila kuinua macho:
"Na zile za miaka kumi na saba?"

Nikakoroga kikombe
ambacho sikuwa nimetia sukari.